Matoleo Matano ya Nisubiri Barazani

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nalisema hilo mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari. Ukifika mahali ukajisemea, "Aa, hapa napajua," basi hayo ni yako na macho yako, mimi simo.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Mkuu wa Nchi aliitwa Mtukufu Mlezi, na kazi zilimzidi mpaka akawa hafiki popote. Daraja likifunguliwa, alituma mwakilishi. Msiba ukitokea, alituma mwakilishi. Utaratibu ulitaka mwakilishi aseme kana kwamba ni Mtukufu mwenyewe anayesema, kwa hiyo alisimama akatangaza: "Mimi, Mtukufu Mlezi, ninayewakilishwa hapa na fulani bin fulani, nimefurahi sana kuwa nanyi leo." Nasi tulipiga makofi, maana kweli alionekana amefurahi.

Mkubwa wa wawakilishi wote alikuwa Bwana Ngwali Shomari, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Siku ya kupiga picha rasmi ya Mtukufu, Mtukufu alikuwa na mafua, akaenda Ngwali. Picha ile ikatundikwa kila ofisi, kila duka na kila kwa kinyozi. Hotuba za redioni pia alizisoma Ngwali. Kwa hiyo sisi wananchi tulimjua Mtukufu kwa sura ya Ngwali na sauti ya Ngwali, na hatukuona kasoro. Kiongozi ni kiongozi, mengine ni ya nini?

Sasa tuje kwenye kitabu.

Nchi ile ilikuwa na vitabu vingi vya hotuba, ila kitabu kilichopendwa kilikuwa kimoja tu, riwaya ya mapenzi iitwayo Nisubiri Barazani. Mtunzi wake alikufa kabla Wizara ya Vitabu na Hisia haijaanza kuwatunza watunzi, na hivyo aliepukana na mengi. Kisa chenyewe ni chepesi. Idarusi, fundi saa, anampenda Mwanaisha. Anasafiri kutafuta maisha, anamwambia amsubiri barazani. Mwanaisha anasubiri. Anachekwa, anaposwa na matajiri, anakataa, nywele zinaanza kuwa na mvi. Ukurasa wa mwisho Idarusi anatokea, hana dhahabu, hana hata kanga ya kumzawadia. Anasimama mbele ya baraza anasema, "Nimechelewa, lakini nimekuja mwenyewe." Kitabu kinaishia hapo.

Ni hayo tu. Lakini hakuna mwanamke aliyeyasoma maneno yale akabaki na macho makavu, na wanaume nao walipofika hapo walisingizia vumbi. Ikawa mila kabisa: bwana harusi akiingia chumbani, kabla bibi harusi hajafunua uso, sharti amsomee ukurasa ule wa mwisho. Asiyejua kusoma aliukariri. Kulikuwa na bwana mmoja kigugumizi aliyeusoma mpaka wageni wote wakarudi makwao, na mkewe hajapata kumlalamikia mpaka leo.

Mtukufu alipomwoa Bi Siwema, binti wa Bi Mwanakombo mkaanga vitumbua, ndoa ilifungwa kwa wakala, jambo ambalo sheria inaliruhusu mtu akiwa mbali. Mtukufu hakuwa mbali. Alikuwa chumba cha pili, amejilaza. Ngwali ndiye aliyekubali ndoa kwa niaba, ndiye aliyeshikana mikono na wakwe, na ndiye aliyesimama mlangoni kwa bibi harusi na kitabu mkononi. Kwa kufuata utaratibu, alisoma hivi: "Nimechelewa, lakini nimekuja mwenyewe, nikiwakilishwa na Bwana Ngwali Shomari." Kisha akaaga kwa adabu na kufunga mlango.

Wanawake waliokuwepo wanasema Bi Siwema hakufunua uso mpaka asubuhi.

Akakaa Ikulu, akaitwa Mama Mlezi. Alikula upande mmoja wa meza ndefu, na Mtukufu upande wa pili, siku ambazo Mtukufu alikula mwenyewe. Hakuomba gari, hakuomba safari za ng'ambo. Aliomba nakala yake ya Nisubiri Barazani iletwe kutoka kwao, ile ya toleo la kwanza, yenye jalada la kijani lililofifia. Akawa anaisoma bustanini kila siku.

Watu wa usalama wakaleta taarifa. Mama Mlezi ameonekana akitabasamu. Baadaye ameonekana akifuta chozi. Baadaye ametaja jina la mwanamume: Idarusi.

Mtukufu alisimama, kazi ambayo kwa kawaida alifanyiwa. Uso ulimwiva. Akauliza Idarusi ni nani, mwana wa nani, anakaa mtaa gani. Waliokuwepo walijua, lakini nani amwambie Mtukufu kwamba kuna kitabu ambacho nchi nzima imekisoma isipokuwa yeye? Wakasema wanachunguza. Basi wakakamatwa akina Idarusi wote, akiwemo mwalimu wa hesabu, mpishi wa hoteli na mtoto mchanga ambaye bado hata hajakatwa nywele. Waliojua kutengeneza saa walipigwa marufuku kazi hiyo. Saa zikaharibika, nchi nzima ikawa inachelewa, lakini kwa kuwa ilikuwa inachelewa tangu zamani, hakuna aliyegundua.

Mwishowe Profesa Tondoo, Waziri wa Vitabu na Hisia, alipiga goti akasema, "Mtukufu, huyo Idarusi yumo kitabuni."

"Basi mtoeni."

Ndivyo yalivyoanza matoleo. Profesa alieleza kwamba kumtoa kabisa kungezua ghasia, maana harusi zote zinamtegemea. Lakini angeweza kurekebishwa. Mtukufu akaridhika. Hakutaka kukisoma kitabu chenyewe; alisema hawezi kukaa chumba kimoja na mtu yule. Mimi sijaona wivu wa namna hiyo, na nimeishi na wake wenza wawili nyumba ya jirani.

Toleo la pili likatoka. Ndani yake Idarusi alikuwa na pengo, meno ya mbele hayapo kabisa. Wananchi wakatakiwa watoe maoni, na hapa inabidi niueleze utaratibu wetu wa maoni, kwa sababu wageni huusifu. Kila mtaa ulikuwa na Ofisi ya Maoni ya Wasomaji. Maoni yalitolewa kwanza, kitabu kikasomwa baadaye, ili msomaji asije akapotoshwa na kitabu. Maoni mazuri yalisomwa redioni. Maoni mabaya yalirudishiwa mwenyewe akayatengeneze.

Ila kwa toleo lile, karani wa mtaa wetu alisahau akagawa vitabu kwanza. Wanawake wakasoma, wakaenda ofisini wakasema kwa unyenyekevu kwamba toleo ni zuri na pengo limempendeza. Zamani walimpenda tu, sasa wanamwonea na huruma, na huruma ikishaingia mapenzi hayatoki. Wiki haijaisha, vijana walikuwa wanapanga foleni kwa waganga wa meno, wakitaka watolewe ya mbele. Bi Siwema naye alisikika akisema, "Maskini Idarusi wangu." Hilo neno "wangu" lilipofika kwa Mtukufu, sahani yake ilirudi jikoni haijaguswa.

Toleo la tatu likamfanya Idarusi akorome. Profesa Tondoo aliandika kurasa nyingi za mkoromo, na kwa kweli ziliandikwa kwa ufundi. Maoni yakaja kutoka mikoa yote: mwanamume akikoroma, angalau mkewe ana hakika kwamba amelala nyumbani. Mkoa mmoja uliomba mkoromo uongezwe.

Toleo la nne likamuua. Idarusi alifariki sura ya pili, kwa homa, bila kuaga, na sura zilizobaki zilihusu kilimo cha pamba. Mtukufu alilala usingizi mnono. Asubuhi akaamka kukuta soko limefungwa, wanawake wamevaa kaniki, na matanga yamekaliwa nchi nzima. Watu walipika, walisoma dua, walipeana pole njiani. Kwa kuwa ulikuwa msiba mkubwa, itifaki ilimlazimu Mtukufu atume rambirambi. Ngwali akaenda kuzisoma: "Mimi, Mtukufu Mlezi, ninayewakilishwa na Bwana Ngwali Shomari, nimeguswa sana na kifo cha ndugu yetu Idarusi." Watu walilia mpaka wakashikiliwa wasianguke.

Mtukufu alikuwa dirishani. Kule bustanini Bi Siwema alikuwa ameketi chini, kwenye mkeka, amejifunika, mabega yanamtikisika. Ngwali aliporudi, Mtukufu hakumgeukia. Aliuliza, "Nikifa mimi, atanililia hivyo?"

Ngwali hakuwahi kukosa jibu maisha yake yote, maana majibu yake yaliandikwa na kamati. Hili halikuandikwa. Akaikunja karatasi ya rambirambi akaitia mfukoni, na hilo lilimchoma Mtukufu kuliko jibu.

Nasema kweli, hapo hata mimi nilimhurumia. Watu wanacheka wivu, lakini wivu ni njaa kama njaa nyingine. Mtu alikuwa na nchi nzima, mito yake na milima yake, na alichokitaka ni kuliliwa kidogo na mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa meza. Angeweza kuizunguka ile meza. Lakini utaratibu wa kuizunguka haukuwepo.

Ndipo likaja toleo la tano, toleo la mwisho na la milele, kama lilivyoandikwa kwenye jalada. Jina la Idarusi halikuonekana tena. Mwanaisha alimpenda mtu aitwaye Kiongozi Mwema, mwenye tumbo la heshima na majukumu mengi, na Profesa Tondoo aliubuni ukurasa wa mwisho kwa mkono wake mwenyewe, akapewa nishani, akatuma mwakilishi kwenda kuipokea. Sheria ikapitishwa kwamba mabwana harusi wote wasome toleo hilo. Nakala zote za zamani zikakusanywa zikachomwa. Wakaingia hata bustanini wakaichukua ile ya jalada la kijani kutoka mapajani mwa Bi Siwema. Hakuwazuia. Alikuwa anaijua kwa moyo.

Sote tulikuwa tunaijua kwa moyo, kusema kweli. Bwana harusi alisoma toleo la tano kwa sauti, ili askari aliyesimama mlangoni asikie. Askari akitia alama na kuondoka, bwana harusi aliinama akamnong'oneza mkewe yale ya toleo la kwanza. Askari wenyewe walikuwa wanaondoka haraka haraka, nao walikuwa na wake.

Maoni yakafurika. Bibi mmoja wa mtaa wetu, asiye na jino hata moja, alisema, "Toleo la tano limetusaidia sana kulikumbuka la kwanza." Wizara ilifurahi mno ikayachapa maneno hayo nyuma ya kitabu.

Kilele cha yote kilikuwa siku ya Mama Mlezi kutoa maoni redioni. Mtukufu alikaa karibu na redio yake, amevaa kanzu mpya na kujipaka manukato, kwa ajili ya redio. Alitaka kusikia jambo moja tu: kwamba sasa Idarusi amekwisha, na huyu mpya amependeza. Profesa Tondoo alikuwa amemwandikia Bi Siwema maoni yenye kina. Bi Siwema aliiweka karatasi pembeni, nasi tulisikia inavyokunjwa.

"Matoleo yote ni mazuri," alisema. "Sina ugomvi na pengo wala mkoromo. Ila mimi nilisomewa ukurasa wa mwisho na mtu aliyekuja kwa niaba. Tangu siku hiyo nasubiri. Nimechoka kusubiri mezani, naenda kusubiri kwetu."

Akatoka mlango wa kituo cha redio kwa miguu, kanga begani, mpaka kwa mama yake. Redio ikapiga ngoma za asili mpaka magharibi.

Mtukufu angeelewa, basi hadithi ingeisha hapo. Lakini mwenye wivu ana masikio yake. Alilosikia yeye ni kwamba mkewe anamsubiri mtu. Nani huyo? Idarusi amekufa, amechomwa. Akamwangalia Ngwali, sura ile ile iliyotundikwa nchi nzima, na donge jipya likamkaa. Akasema kila mtu atatumwa kwenda kumrudisha Bi Siwema, isipokuwa Ngwali.

Akatumwa Profesa Tondoo. Alifika kwa Bi Mwanakombo akasimama mbele ya baraza: "Mimi, Mtukufu Mlezi, ninayewakilishwa na Profesa Tondoo, nakupenda sana." Bi Mwanakombo, aliyekuwa anachambua mchele, alimwambia ahsante, atamfikishia. Akatumwa mkuu wa majeshi, akapenda kwa niaba, kwa sauti ya gwaride. Akatumwa balozi, akapenda kwa lugha mbili. Ikatumwa kwaya. Bi Siwema alikaa ndani, mlango umefungwa, na jibu lake likawa moja: anasubiri. Majirani wakaanza kuleta vigoda.

Kwaya iliporudi mikono mitupu, Mtukufu alimwita Ngwali na kumuuliza kwa hasira anachomfanyia mkewe mpaka akatae nchi nzima.

Ngwali akasema, "Mtukufu, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nenda mwenyewe."

Mtukufu hakumwelewa. Alimtaka arudie. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kwenda mwenyewe kunafanywaje. Ngwali akamweleza: unavaa viatu, unatoka, unafuata barabara.

Akatoka mchana wa saa sita, kitabu kwapani. Getini askari alimwangalia, akaiangalia picha ukutani, akamwangalia tena. Akamwambia, bila kumvunjia heshima, kwamba watunza bustani hupitia mlango wa nyuma, ila leo amsamehe tu, apite. Njiani aliuliza kwa Bi Mwanakombo ni wapi, akaambiwa afuate alama za magari ya wawakilishi. Jua lilikuwa kali. Viatu vya Ikulu havikushonwa kwa kutembelea, akavivua, akavibeba. Watu wanaosema walimwona wanasema alikuwa anatabasamu, na kwamba katika maisha yake pengine ndiyo mara ya kwanza alikuwa na hamu ya kufika mahali.

Bi Mwanakombo alikuwa barazani na ungo wake. Mkwewe huyu hakuwahi kumtia machoni.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

"Mimi ndiye Mtukufu Mlezi."

Bi Mwanakombo akaendelea kuchambua, akimngojea. Alipoona kimya, akainua uso.

"Haya, malizia. Unayewakilishwa na nani?"

Akasema hawakilishwi na mtu. Bi Mwanakombo akatikisa kichwa kwa huruma, maana wengine angalau walikuwa wanajua majina yao. Lakini alikuwa mtu wa adabu. Akagonga mlango nyuma yake akasema kuna mwingine.

Kwa ndani, sauti ya Bi Siwema ikasema, "Asome."

Ukurasa wa mwisho. Hilo Mtukufu alilijua, hata yeye. Lile jambo la kila harusi, lile alilodaiwa tangu siku ile aliyojilaza chumba cha pili. Akakifungua kitabu. Hakuwahi kukisoma, hakujua kulikuwa na nini katika toleo la kwanza wala la tano, alijua tu kwamba ndani yake kuna maneno yanayofungua mlango. Ile ya toleo la tano ndiyo nakala pekee aliyokuwa nayo, na zile za zamani zote zilichomwa kwa amri yake. Basi akasoma, pole pole, kwa sauti ambayo hakuna mtu nchini aliyepata kuisikia, si redioni wala mezani:

"Nimechelewa kwa sababu ya majukumu ya taifa. Sitaweza kuja mwenyewe, ila nimemtuma mtu."

Nadhani ndipo alipoyaelewa maneno aliyoyasoma. Akafungua mdomo ili aongeze lake, neno lolote, na mdomo ukabaki wazi. Maisha yake yote maneno yake yalikuwa yanaandikwa na wengine.

Kama Bi Siwema aliitambua sauti ile au hakuitambua, sisi hatujui, na mimi si mtu wa kusema nisilolijua. Tulisikia tu akisema, taratibu, "Mama, mpe maji huyo, apumzike, kisha aende. Mwambie tumesikia."

Bi Mwanakombo akaweka ungo chini, akachota maji mtungini, akamkabidhi kata kwa mikono miwili. Akaitazama miguu yake iliyoungua, akaguna.

"Maskini," akamwambia, "na wewe wamekutuma na jua lote hili."